Mgonjwa hana wenyewe

Katika mitaa ya Eastlands hapa Nairobi, kuanzia Shauri Moyo na Kaloleni hadi Jericho na Maringo, liko jambo moja lisilohitaji kutangazwa mara mbili, nalo ni kifo. Jioni ile ile utaona viti vya kukodi vimepangwa mbele ya nyumba, taa imetundikwa, na karani ameketi na daftari lake. Watu huja wakatoa, na majina yao yakasomwa moja moja pamoja na kiasi kilichotolewa.

Kwa ndugu zetu wa bara jambo hili lina sababu yake. Maiti sharti arudishwe kwao, na gari, jeneza na malipo ya chumba cha maiti si pesa za mchezo. Zamani vyama kama Luo Union na Abaluhya Association vilisaidia sana katika kazi hiyo. Vyama vya kikabila vilipovunjwa mwaka 1980, mzigo ukawaangukia zaidi jamaa, majirani na wafanyakazi wenzao. Siku hizi pesa nyingi hupita kwenye simu, kwa M-Pesa, lakini majina bado husomwa.

Mimi ni mtu wa pwani niliyeletwa na kazi hapa Kaloleni (si ile Kaloleni ya Kilifi), na desturi hiyo siidharau hata kidogo. Lililonitia fikra ni habari ya jirani yetu mmoja, fundi wa masanduku ya bati huko Kamukunji. Fundi aliugua tumbo, akaambiwa lazima apasuliwe, na hospitali ikataka kwanza shilingi 40,000. Mkewe akazunguka nyumba hadi nyumba kwa wiki tatu. Huyu alisema mshahara haujatoka, yule akataja karo ya watoto, na mmoja alimpa shilingi 200 pamoja na nasaha ndefu juu ya kuweka akiba. Mama wa watu alipata shilingi 9,000 tu.

Fundi akafa alfajiri ya Jumanne. Ijumaa usiku karani alihesabu shilingi 118,000. Watoaji walikuwa wale wale! Yule bwana wa mia mbili alitoa elfu tano, tena kwa kusimama na kuhutubia.

Sisemi kwamba Fundi angalipona. Siku za mtu anazijua Mola wake. Wala majirani wale si watu wabaya, maana ninaishi nao na nimekula kwao. Lakini nimelipima jambo hili nikaona kwamba mgonjwa hutisha. Ukimpa leo, wachelea kesho atarudi, na hakuna aliyekuona ila mkewe. Maiti hudai mara moja tu, tena hadharani. Isitoshe, kila atoaye anajiwekea akiba, kwani anajua siku yake ikifika daftari litafunuliwa kutazamwa alimpa nani, na kiasi gani. Wahenga waliposema kufa kufaana, huenda waliliona hili pia.

Na maiti hakosi wenyewe. Wakili S. M. Otieno alipofariki hapa Nairobi Desemba 1986, mjane wake na watu wa ukoo wake wa Umira Kager walipelekana mahakamani juu ya mahali pa kumzika, na hakuzikwa ila Mei 1987, huko Nyalgunga, Siaya. Ni mgonjwa gani aliyewahi kugombewa miezi mitano?

Msomaji wa Mombasa au Lamu asicheke bado. Ni kweli mazishi yetu ni mepesi: sanda ni vitambaa tu, na jeneza ni la msikiti, nalo hurudi msikitini. Hapa Pumwani nimewaona wanaume wakipokezana jeneza kila hatua chache, kila mmoja akitaka thawabu ya kulibeba hadi makaburi ya Kariokor. Lakini ije siku ya hitima! Sinia za pilau hutandazwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa akishinda na chai kavu, na bei ya nyama ile ingalimnunulia dawa za mwezi. Tumefundishwa kwamba kumzuru mgonjwa na kulifuata jeneza zote ni haki za Muislamu juu ya mwenziwe, nazo zimetajwa pamoja. Tumeishika zaidi ile yenye watu wengi.

Kuna mama mmoja auzaye uji kando ya Barabara ya Jogoo. Muda wote wa ugonjwa alimpelekea Fundi kikombe cha uji wa wimbi kila asubuhi kabla ya kuanza biashara, na mkewe alipokuwa akizunguka kutafuta pesa, yeye ndiye aliyefua shuka za mgonjwa. Usiku wa mchango alitoa shilingi 50. Karani alilisoma jina lake upesi upesi, hakuna aliyepiga makofi, akaendelea na jina la pili.

Mjane aliporudi kutoka mazishini alikuta kodi ya nyumba imelimbikizana. Viti vya kukodi vilikuwa vimekwisha rudishwa kwa wenyewe, na aliogopa kugonga tena milango ile ile. Watoto wake wawili wadogo sasa hulala kwa yule mama wa uji.