Kwa nini gari la Kiegei haliji kwa ndege

MKULIMA wa korosho wa Kiegei, wilayani Nachingwea, anayeagiza gari la mtumba kutoka Japani husubiri kwa wiki kadhaa meli iingie Dar es Salaam. Kisha gari huteremshwa kusini kwa barabara kupitia Kibiti na Lindi. Swali la kwa nini lisipakiwe ndegeni si la mzaha, kwani biashara hiyo ipo.

Tatizo ni hesabu. Mashirika ya ndege hayatazami mizani peke yake. Urefu, upana na kimo cha mzigo huzidishwa kwa sentimita, kisha jibu hugawanywa kwa 6,000. Kilo zinazopatikana zikizidi uzito halisi, mteja hulipia hizo. Gari dogo la aina ya Toyota IST lina uzito wa takriban kilo 1,000, lakini kwa vipimo vya mita 3.9 kwa 1.7 kwa 1.5 litalipiwa zaidi ya kilo 1,650. Tuseme nauli ni dola 3 kwa kilo, kwa mfano tu. Hizo ni karibu dola 5,000, fedha ambazo mara nyingi huzidi bei ya gari lenyewe huko linakonunuliwa.

Zaidi ya hayo, gari huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari. Tangi hupunguzwa mafuta, betri hukaguliwa, na magurudumu hufungwa kwa mikanda juu ya bamba la alumini.

Ndege ya mizigo ya Air Tanzania, Boeing 767-300F iliyowasili Juni 2023, ina uwezo wa kubeba tani 54, ila kwa magari nafasi ingekwisha kabla ya uzito. Meli ya Meridian Ace ilishusha magari 4,041 katika bandari ya Dar es Salaam Aprili 2022, kwa safari moja.

Hata hivyo, kuna waliowahi kuifanya biashara hii kwa watu wa kawaida. Julai 1948, kampuni ya Silver City Airways ilianza kuvusha magari kutoka Lympne, Uingereza, hadi Le Touquet, Ufaransa, kwa ndege za Bristol Freighter zilizofunguka puani. Safari ilichukua kama dakika 20, na wenye magari walipanda ndege hiyohiyo. Mwaka 1961 iliruka Carvair, iliyobeba magari matano. Vivuko vya kisasa, ambavyo gari huingia na kutoka likiendeshwa, viliwanyang'anya wateja, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 huduma hiyo ilikuwa imekwisha.

Waliobaki ni wale ambao kwao muda ni ghali kuliko nauli: timu za mashindano ya Formula 1, na matajiri wa Ghuba wanaopeleka magari yao London majira ya joto.

Nachingwea inaujua uchungu wa usafiri usiolipa. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuvunjika 1951, uliiachia reli ambayo ilifungwa 1963 kwa kukosa mizigo.

Kinachostahili ndege kwa mwenye lori Kiegei ni kipuri. Lori likikwama msimu wa korosho kwa sababu ya kompyuta ya injini, kifaa chenye uzito wa kilo chache, kila siku ya kusubiri meli ni hasara. Kifurushi hicho hushuka Dar es Salaam kwa ndege na kumalizia safari katika buti la basi la Nachingwea.