Midundo 200 kwa dakika: Kutoka Rotterdam hadi Mburahati, nani ana ruhusa ya kukesha?

Weka saa ya simu ihesabu sekunde sitini, halafu jaribu kugonga meza mara 200 kabla hazijaisha. Mkono utachoka mapema. Amapiano inayopigwa kwenye matatu za jioni hutembea kwa midundo kama 112 kwa dakika, na hapo hata shosho anaweza kutikisa bega bila kumwaga chai. Singeli ya Dar es Salaam huanzia karibu 200, na kuna siku hugonga 300. Katikati ya hizo mbili kuna dunia nzima ya muziki wa kasi ambao wapenzi wake huuita hadikoo. Wasioupenda huuita kelele na kufunga dirisha.

Hapa kwetu kuna wasee wanaoamini kwamba reivu, yaani ule mkesha wa kucheza muziki wa mashine hadi jua litoke, ni mambo ya Wazungu, na kwamba kijana wa Nairobi anayevaa nyeusi tupu na miwani ya giza saa nane usiku anaiga tu. Wapo wanaoiga, tusidanganyane. Lakini tekno yenyewe ilianzishwa na vijana weusi wa Detroit, Marekani, miaka ya 1980. Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson walifahamiana shuleni, wakachezea mashine za ngoma. Ulaya iliipokea kutoka kwao, kisha kila mji ukaongeza chumvi yake.

Mji uliozidisha chumvi kuliko yote ni Rotterdam, Uholanzi. Ni mji wa bandari na wa watu wa kazi za mikono, na siku zote umekuwa ukishindana na Amsterdam inayojiona bora. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ma-DJ wa Rotterdam walichukua mdundo wa mashine ya Roland TR-909, wakaupandisha sauti hadi ukapasuka, wakauacha hivyo hivyo umepasuka. Fundi wa spika angekwambia mashine imeharibika. Wao walisema hapo ndipo penyewe. Mwaka 1992 Paul Elstak alianzisha lebo ya Rotterdam Records, na rekodi yake ya kwanza, ya kundi la Euromasters, ilikuwa ya kuwadhihaki watu wa Amsterdam. Mwaka huo huo kampuni ya ID&T ilianza tamasha la Thunderdome, lililokuja kujaza kumbi kubwa kwa miaka mingi.

Muziki huo ukaitwa gabber. Ni neno la mtaani lenye asili ya Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, na maana yake ni rafiki. Hapa tungesema "beshte". Mbogi yao uliitambua kutoka mbali: wavulana wamenyoa kipara, wasichana wamenyoa pembeni na kufunga nywele juu, wote ndani ya tracksuti za rangi kali na viatu vya Air Max. Viatu hivyo vilikuwa na kazi. Uchezaji wao, unaoitwa hakken, ni wa miguu: hatua fupi za haraka, magoti juu, kifua kimetulia. Ukiuona kwa mara ya kwanza utadhani mtu anakanyaga siafu. Baada ya dakika kumi utagundua ni kazi ngumu kuliko mazoezi yoyote ya jimu.

Vipara hivyo vilileta balaa. Makundi ya wabaguzi wa rangi yalijaribu kujificha ndani ya umati huo, na watu wa nje wakaanza kumwona kila gabber kuwa mbaguzi. Wanamuziki na lebo kadhaa za hadikoo walijibu kwa kuchapisha kauli za kupinga ubaguzi kwenye rekodi zao. Halafu zikaja nyimbo za mzaha za kuuchekesha muziki huo kwenye televisheni, na vijana wa mtaani wakaona aibu, wakaondoka. Thunderdome ilifungwa mwaka 2012, ikarudi 2017. Waliorudi walikuta pia vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati yale yakianza.

Sasa njoo Dar es Salaam, mtaa wa Mburahati. Hapa hakuna aliyekuwa akiisikiliza Rotterdam. Singeli ilitokana na mchiriku, muziki wa vinanda vidogo vya Casio na ngoma, na ikakulia kwenye vigodoro, yaani mikesha ya mtaani ya kuamkia harusi au sherehe nyingine, ambapo barabara hufungwa, spika hupangwa na watu hucheza mpaka alfajiri. Produsa huchukua kipande cha taarabu au cha singeli ya zamani, hukikimbiza kwenye kompyuta hadi sauti iwe kama ya mbu mwenye hasira, kisha MC anaingia juu yake kwa maneno ya mfululizo bila kupumua: kodi ya nyumba, wivu, shemeji, tatizo pesa. Kwa sisi tunaojua Kiswahili huu ni utamu ambao mchezaji wa Berlin hataupata kamwe. Yeye anasikia kasi tu, sisi tunasikia na umbea.

Mwaka 2016 "Hainaga Ushemeji" ya Man Fongo ilivuma redioni na kuitoa singeli uswahilini. Mwaka uliofuata lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso", kazi za studio ya Sisso ya Mburahati. Ndani ya muda mfupi Bamba Pana, Makaveli, Jay Mitta na Sisso mwenyewe walikuwa wakipanda majukwaa ya Ulaya, huku kibodi ya kawaida ya kompyuta ikipigwa kwa vidole kama kinanda. Wazungu waliolelewa na gabber walisikia kasi waliyoijua ikitoka mahali wasipopajua.

Hapo ndipo pana jambo linaloniuma. Wakati singeli inakatiwa tiketi Ulaya, vigodoro nyumbani vimepigwa marufuku mara kwa mara na viongozi na polisi, kwa sababu ya kelele, ugomvi na watoto kuonekana humo usiku. Uganda nayo ilijaribu. Tamasha la Nyege Nyege, lililoanza 2015 karibu na Jinja kando ya Mto Nile, lilitaka kuzimwa na waziri wa maadili mwaka 2018, na bunge likalijia juu tena 2022. Mara zote mbili liliachiliwa kwa masharti. (Jina nalo halikusaidia. Waandalizi husema kwa Kiganda ni hamu ya ghafla ya kucheza. Kwa Kiswahili, haya, unajua mwenyewe.) Wala si Afrika pekee. Baada ya maelfu ya vijana kukesha siku kadhaa katika uwanja wa Castlemorton, Uingereza, mwaka 1992, wabunge wa huko walipitisha sheria ya 1994 iliyotaja hata midundo inayojirudia.

Nairobi tuna yetu. Novemba 2022 kaunti chini ya Gavana Sakaja ilifuta leseni za klabu za usiku zilizo kwenye makazi ya watu. Sitawatetea wote waliofungiwa. Mama aliye na mtoto mchanga ghorofa ya tatu ana haki ya kulala, na base ikipita ukutani haiulizi nani ana zamu asubuhi. Ila jiji likishafunga hapa, linapaswa kusema kule ni wapi. Bila hivyo mkesha unahamia kwenye godauni lenye mlango mmoja, bila maji, mbali na stejini, ambako msichana hutafuta teksi saa kumi alfajiri kwa bei ya nusu ya pesa zake za wiki. Wanaobaki kucheza kwa raha ni wenye magari.

Na muziki tunao, usidhani hatuna. Slikback alitoa "Lasakaneku" mwaka 2018 akiwa produsa wa Nairobi ambaye wengi wa Nairobi hawakumjua. Mwaka 2020 Martin Khanja na Sam Karugu walitoa albamu ya kundi lao Duma, mchanganyiko wa chuma kizito na mashine zinazokimbia. Ukisikia jina kwa Kiswahili unamwona mnyama wa mbio. Wao walilitoa kwenye neno la Kikuyu la giza. Majina yote mawili yanaukaa muziki huo. Khanja, ambaye hujiita Lord Spikeheart, alirudi 2024 na "The Adept". Huko Bali, Indonesia, kundi la Gabber Modus Operandi limefanya kitu kama hicho, likichanganya gaba na muziki wa jathilan, ngoma ya Wajava ambayo wachezaji wake hupandwa na mizimu. Kila mahali kasi hukuta ngoma ya zamani ikimsubiri.

Kama ndiyo mara yako ya kwanza, usifuate kila mdundo, utaanguka. Chukua mmoja, acha mmoja. Mwili ukizoea, miguu itajaza yenyewe. Kaa mbali na spika. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba wastani wa sauti kumbini usizidi desibeli 100, na magodauni yetu mengi hayana hata kipimo, kwa hiyo vizibo vya masikio ni vyako mwenyewe kununua. Kunywa maji. Panga usafiri wa kurudi kabla ya kutoka kwenye keja, na ujue nani anaondoka na nani.

Nyumbani anza na "Sounds of Sisso", halafu "Tatizo Pesa" ya Jay Mitta, ndipo uende Rotterdam. Usitumie spika ya simu. Haina base, na jirani atasikia mbu peke yake.