Uloto Dodoma: fedha za mwaka wa pili

Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015 katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Machi 2018 ikishirikiana na madaktari kutoka Japani. Mwaka 2023 ikaanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, tiba ambayo zamani mzazi wa Singida au Kondoa angeambiwa aifuate India. Fedha za Serikali zimefupisha safari hiyo, nami naziunga mkono kwa moyo wote. Hofu yangu ni kwa yale yanayofuata mashine ikishanunuliwa.

Selimundu hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo, na mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu nchini kila mwaka. Kwa kuwa damu hutengenezwa kwenye uloto, madaktari huuangamiza uloto wa mgonjwa kwa dawa kali, kisha humpa chembe za uloto wa ndugu yake. Lakini kwa kila ndugu wa baba na mama mmoja, uwezekano wa kulingana naye kikamilifu ni mmoja kati ya minne. Familia nyingi hupimwa zikakosa mchangiaji.

Aliyepata mchangiaji hukaa wiki kadhaa bila kinga, katika chumba chenye hewa iliyochujwa, akiongezewa damu. Vichujio vichakavu ni hatari kwake, na umeme ukikatika vilevile. Akiruhusiwa kwenda nyumbani, humeza dawa za kushusha kinga kwa miezi mingi. Dawa zikikosekana, kazi yote inaweza kuharibika.

Mashine hununuliwa mara moja kwa fedha za maendeleo. Vichujio, vitendanishi na wauguzi waliobobea huhitaji fedha kila mwaka, na hapo ndipo bajeti ya tiba hii inapaswa kupimwa.

Nao wasio na mchangiaji? Kwao haidroksiyurea hupunguza maumivu, na penisilini ya utotoni huzuia maambukizi yanayoua. Vyote vinataka ugonjwa ujulikane mapema, kwa tone la damu ya kisigino cha mtoto mchanga. Natamani kuona kipimo hicho kikilipiwa kwa fedha zilezile za Serikali, katika wodi za wazazi za Manyoni na Mpwapwa.