Mahali pa Tangi la Mafuta Katika Mashua Inayoundwa Upya

Tangi la mafuta ni mzigo wa kipekee ndani ya mashua, kwa kuwa uzito wake hubadilika chombo kikiwa safarini. Farumi ikishapangwa hutulia, injini imefungwa kwa bolti, na shehena hukazwa kabla ya kung'oa nanga. Dizeli hupungua saa hadi saa, na ile iliyobaki hucheza ndani ya tangi kila chombo kinapolala upande. Kwa hiyo fundi anayeifufua mashua kongwe ya mbao na kuitia injini ya ndani anapaswa kuamua tangi litakaa wapi kabla ya kuamua litengenezwe kwa madini gani, na kabla hajairudisha sitaha. Mara nyingi hufanywa kinyume. Tangi hupatikana kwanza, pengine limetolewa kwenye lori, kisha hutafutiwa pembe ambayo haina kazi nyingine. Pembe hiyo kwa kawaida ni tezi, juu, ubavu mmoja, na hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote.

Hesabu ya kwanza ni ya ujazo. Injini ya dizeli ya nguvu farasi 30 ikisukumwa hadi mwisho hutumia takriban lita 6 kwa saa. Kwa mwendo wa kawaida wa safari hutumia karibu lita 4. Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni kama kilomita 70 baharini. Mashua iendayo noti 6 huchukua saa sita na nusu hivi, maana yake lita 26 kwenda na nyingine 26 kurudi. Kanuni inayofuatwa na manahodha wengi duniani ni kugawa mafuta mafungu matatu: fungu la kwendea, fungu la kurudia, na fungu la akiba lisiloguswa ila kwa dharura. Kwa safari hiyo zinahitajika lita 78, na tangi la lita 100 linatosha. Akiba hiyo si anasa. Wakati wa kusi, mashua inayorudi Dar es Salaam hukabiliana na upepo na mawimbi kwa omo, mwendo hupungua, saa za injini huongezeka, na ile hesabu ya shwari huvunjika.

Tangi kubwa kupita mahitaji lina hasara zake. Dizeli hukaa miezi humo bila kutumika, na nafasi tupu iliyo juu ya mafuta hupumua. Mchana wa joto hewa hutanuka na kutoka. Usiku wa baridi hewa yenye unyevu wa bahari huingia na kuacha matone kwenye kuta za tangi. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo huteremka na kujikusanya chini kabisa. Pale yanapokutana na mafuta huota kuvu, mmojawapo ukiwa Hormoconis resinae, unaokula hidrokaboni za dizeli, kuzalisha asidi inayotafuna metali na kuacha utelezi mweusi unaoziba chujio. Ndiyo maana mashua inayoegeshwa kwa muda mrefu huachwa na tangi lililojaa, si tupu.

Baada ya ujazo linafuata suala la mahali. Lita 100 za dizeli zina kilo 84, uzito wa mtu mzima. Mtu huyo akikaa mita tatu nyuma ya katikati ya chombo, tezi huzama na omo huinuka. Mafuta yakiisha, mambo hugeuka. Mashua iliyosawazishwa tangi likiwa limejaa haitakuwa sawa tangi likiwa tupu, na nahodha atalazimika kuhamisha farumi kila safari. Tiba ni kuliweka tangi pale ambapo uzito ukiongezwa chombo chote huzama kwa kipimo kimoja. Kwa mashua nyingi sehemu hiyo ipo nyuma kidogo ya nusu ya urefu wake, na haihitaji michoro ya wahandisi kuipata. Chombo kikiwa majini penye utulivu, alama huchorwa kwenye hanamu na kwenye fashini pale maji yanapofika. Kisha watu wawili au watatu husimama pamoja juu ya mkuku na kusogea kidogo kidogo hadi alama zote mbili zizame sawa. Hapo waliposimama ndipo tangi litakapoleta usumbufu mdogo kuliko pengine popote.

Mashua kongwe huhitaji kipimo hiki kufanywa upya hata kama iliwahi kuwa na tangi. Injini nzito za zamani za chuma cha kalibu zimepokewa na injini nyepesi zaidi. Mbao zilizolowa kwa miaka zimebadilishwa. Mlingoti mkubwa umefupishwa au kuondolewa. Kila badiliko huhamisha kitovu cha uzito, na mahali palipofaa zamani hapana dhamana ya kufaa sasa.

Kwa upana, tangi linapaswa kukaa juu ya mstari wa mkuku, au yawe mawili yanayolingana, moja kila ubavu. Hapa fizikia ina neno zito. Tangi lisilojaa likiinamishwa, mafuta hukimbilia upande wa chini na kuuongezea uzito upande uleule ambao tayari umelala. Athari hiyo haitegemei wingi wa mafuta bali upana wa uso wake, na hukua kwa kipeo cha tatu cha upana huo: upana ukiongezwa mara mbili, athari huongezeka mara nane. Chukua mashua yenye uzito wa tani 6. Tangi la urefu wa sentimita 80 na upana wa mita 1.2 huifanya mashua iwe kana kwamba kitovu chake cha uzito kimepandishwa sentimita 1.6, jambo dogo. Tangi la urefu huohuo likitanda kutoka ubavu hadi ubavu kwa upana wa mita 2.4 hukipandisha kitovu hicho sentimita 13, kiasi ambacho mashua nyembamba yenye shehena ya juu haiwezi kukipuuza. Ukuta mzima ukijengwa katikati ya tangi hilo pana, kutoka omo hadi tezi, athari hushuka hadi robo, yaani sentimita 3 na kidogo. Lakini bomba linalounganisha pande mbili likiachwa wazi, mafuta yatahama polepole kutoka upande wa juu kwenda wa chini, hasa mashua ikisafiri kwa tanga na kulala upande mmoja kwa saa nyingi. Bomba hilo lazima liwe na koki, na koki ifungwe safarini.

Kuta ndogo zenye matundu ndani ya tangi ni kitu kingine. Hizo haziondoi uhamaji wa mafuta, huupunguzia kasi. Bila hizo, dizeli hupiga kuta za tangi kila wimbi linapopita, na uchovu wa metali hupasua maungio. Kwa kawaida huwekwa ukuta mmoja kila sentimita 60 hadi 75, wenye nafasi katika pembe za chini ili mafuta na maji yapite, na za juu ili hewa ipite.

Kwa kimo, kanuni ni chini lakini kavu. Uzito wa chini hukituliza chombo, ila tangi lililokaa ndani ya ngama hulala katika maji ya chumvi, na hakuna metali inayotumika kwa kazi hii itakayostahimili hali hiyo kwa muda mrefu. Tangi liinuliwe juu ya kiwango cha kawaida cha maji ya ngama, na hewa iweze kulizunguka pande zote, hata chini yake. Kulilaza moja kwa moja juu ya ubao, zulia au godoro la povu ni kosa linalogharimu: vitu hivyo hufyonza maji ya chumvi na kuyashikilia dhidi ya metali. Alumini na stenlesi hujilinda kwa utando mwembamba sana wa oksidi unaohitaji oksijeni ili ujirudishe unapochubuka. Maji yaliyonaswa mahali pasipopita hewa huunyima utando oksijeni hiyo, na matundu huanza. Hivyo tangi hukalishwa juu ya vipande vyembamba vya plastiki ngumu isiyofyonza maji, vilivyogandishwa kwa gundi ya baharini ili maji yasiingie kati.

Kuhusu madini yenyewe, hakuna lisilo na kasoro. Chuma cha kawaida cha unene wa milimita 3 hufanya kazi nzuri na dizeli, huchomelewa na fundi yeyote mzuri, na adui yake ni kutu ya nje. Kikipakwa rangi ya epoksi na kukaguliwa, hudumu miaka mingi. Stenlesi huonekana bora, na bei yake ni ya juu, lakini aina isiyo ya baharini hutobolewa na chumvi kando ya maungio yaliyochomelewa. Aina ya 316L ndiyo inayofaa. Alumini ya baharini, mathalani 5083, ni nyepesi na haihitaji rangi, mradi isigusane na shaba wala stenlesi mahali penye unyevu, kwani metali mbili tofauti katika maji ya chumvi huwa betri na alumini ndiyo inayoliwa. Plastiki nzito ya polithini haishiki kutu kabisa. Ila matangi yake hutoka kiwandani kwa maumbo maalumu, na hutanuka kidogo baada ya kujazwa mara ya kwanza, hivyo yaachiwe nafasi. Viwili ni vya kuepukwa na dizeli: bati lililopakwa zinki, kwa kuwa zinki huungana na asidi za mafuta na kuzaa sabuni inayoziba chujio na nozeli, na shaba nyekundu, ambayo huharakisha kuchacha kwa mafuta.

Pipa la lita 200 lililolazwa ubavu linaonekana mara kwa mara katika vyombo vya uvuvi na uchukuzi. Pipa liliundwa kusafirishia mafuta. Bati lake ni jembamba, halina kuta za ndani, na vizibo vyake havikukusudiwa kufungwa mabomba ya kudumu yanayotikiswa na injini. Gharama inayookolewa hapo ni ndogo mno kuliko hatari inayonunuliwa.

Hatari kubwa zaidi iko katika kukata au kuchomelea tangi kuukuu. Tangi lililomwagwa mafuta halijawa salama. Kwa petroli, tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wake huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 tu ya hewa, kiwango ambacho masalia kidogo hukifikia kwa urahisi. Dizeli nayo hutoa mvuke inapopashwa joto na moto wa kuchomelea. Hakuna tangi lililowahi kuwa na mafuta linalofaa kuguswa na moto kabla ya kuoshwa kwa mvuke wa maji na hewa yake kupimwa.

Petroli yenyewe haina nafasi ndani ya mashua yenye sitaha isipokuwa kwa uangalifu wa hali ya juu. Dizeli huhitaji kufika zaidi ya nyuzi 50 za selsiasi ndipo mvuke wake uweze kushika moto kwa cheche; petroli hufanya hivyo hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, huteremka hadi ngama na kungoja hapo swichi iwashwe. Madumu na matangi ya injini za nje hukaa sehemu ya wazi, penye upepo.

Mdomo wa kujazia uwe juu ya sitaha, si ndani, ili kinachomwagika kisitiririke hadi ngama. Bomba la hewa lipande juu, likunjwe kama shingo ya bata, na litokee mahali ambapo mawimbi hayafiki na mvuke hauwezi kurudi ndani. Mrija wa kunyonya uingie kutoka juu ya tangi na kuishia sentimita 2 au 3 juu ya sakafu yake, ili maji na uchafu vibaki chini yake. Injini nyingi za dizeli hurudisha mafuta yasiyotumika, na mrija wa kurudishia lazima uishie katika tangi lilelile linalonyonywa. Penye matangi mawili, nahodha akisahau koki, tangi moja hujaa hadi kumwagika huku jingine likikauka. Chujio la kutenga maji huwekwa kati ya tangi na injini, mahali ambapo mkono unafika bila kuondoa mbao. Kila chumba cha tangi kiwe na kifuniko cha kuingiza mkono. Na tangi lote liweze kutoka kupitia mlango wa sitaha uliopo. Mashua nyingi zimepasuliwa sitaha kwa sababu tangi lilitangulia kuwekwa na mbao zikafuata.

Tangi hufungwa kwenye mataruma na magogo ya msingi, kamwe si kwenye mbao za ubavu. Kabla ya kufungwa hujaribiwa kwa hewa ya kilopaskali 20, sawa na uzito wa maji ya kina cha mita 2, huku maungio yakipakwa povu la sabuni. Shinikizo hilo linaonekana dogo, lakini kwenye ukuta wa sentimita 80 kwa 50 ni sawa na kilo 800. Kompresa ya gereji isipodhibitiwa hulipasua tangi.

Kipimo cha mwisho hufanywa mashua ikiwa majini, imebeba farumi na vifaa vyake vyote. Mafuta hutiwa lita 10 kwa mara moja, na kila mara kijiti hutumbukizwa na kuchorwa alama. Juu ya tangi huachwa asilimia 5 tupu, kwa kuwa dizeli hutanuka kwa joto: lita 100 zikipanda nyuzi 15 huongezeka kwa zaidi ya lita moja.