Pasentaili na Mlango wa Udaktari Nchini India

Kila mwaka vijana zaidi ya milioni 2 nchini India hufanya NEET, mtihani wa kitaifa unaowachuja wanaotaka kusomea udaktari, na matokeo yao husomwa kwa vipimo viwili ambavyo watu wengi huvichanganya: alama, ambazo ukomo wake ni 720, na pasentaili, yaani kipimo kinachoonyesha ni watahiniwa wangapi katika kila 100 waliopata alama sawa na za mtahiniwa fulani au chini yake.

Alama hutokana na maswali 180 ya fizikia, kemia na biolojia, ambapo jibu sahihi huongeza 4 na jibu lililokosewa hupunguza 1, lakini pasentaili huhesabu watu, wala haiangalii majibu. Kwa sababu hiyo pasentaili ya 50, ambayo ni kiwango cha kufuzu kwa watahiniwa wa kundi la jumla, haimaanishi nusu ya alama. Mwaka 2024 kiwango hicho kiliangukia alama 162, na mwaka 2025, somo la fizikia lilipowatoa jasho watahiniwa, kikashuka hadi 144, ambazo ni asilimia 20 tu ya alama zote. Aliyepata 150 angeshindwa mwaka wa kwanza na kufuzu mwaka uliofuata, na hapo hakuna dhuluma, kwa kuwa mtihani mgumu huwa mgumu kwa wote walioufanya siku hiyo.

Kufuzu, hata hivyo, si kupata chuo. Wanaofuzu hupita milioni 1.2, ilhali nafasi za shahada ya udaktari ni zaidi ya 100,000, na takriban nusu yake tu ndizo zilizo katika vyuo vya serikali vyenye ada nafuu. Katika umati wa watahiniwa wote pasentaili moja hubeba watu zaidi ya 20,000, kwa hiyo hata mwenye pasentaili ya 99 bado ametanguliwa na maelfu, na vyuo hugawa nafasi kwa kufuata orodha ya mtu mmoja mmoja. Wanaolingana alama hutenganishwa kwanza kwa biolojia.

Hatari ya kipimo hiki ilidhihirika Septemba 2023, pale kiwango cha kufuzu katika mtihani mwingine, ule wa masomo ya ubingwa, kiliposhushwa hadi pasentaili sifuri ili nafasi zilizobaki wazi zijazwe, hata waliopata alama za chini ya sifuri wakaruhusiwa kuomba. Pasentaili hupanga watu vizuri, lakini haiwezi kuthibitisha kuwa wanajua, na mtihani unaopeleka watu wodini unastahili kuwa pia na kiwango cha chini cha alama kisichoshushwa.