Shirika la Ndege na Njia Zake

Siku za kiangazi, mawingu yakiisha kuondoka juu ya msitu wa Magamba, watu wa Kwai walio mashambani huinua macho wakaona eropleni zikipita juu sana, nyingine zaelekea Kilimanjaro, nyingine Dar es Salaam. Watoto huuliza zatoka wapi. Wazee huuliza neno lililo zito zaidi: ndege hizi zimenunuliwa kwa fedha ya Serikali, yaani fedha yetu, nasi wengi hatuzipandi, basi zatufaa nini, na kwa nini twasikia habari za hasara? Swali hili ni la haki. Twataka kulijibu kadiri tuwezavyo, na ili jibu lieleweke hatuna budi kuanza mbali kidogo.

Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya eropleni Nairobi, ikaitwa Wilson Airways. Katika Januari 1932 kampuni kubwa ya Kiingereza, Imperial Airways, ikafungua njia ya barua toka London hata Cape Town, ikipitia Kisumu, Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Barua iliyokuwa ikikaa majuma mengi baharini sasa ilifika kwa siku chache. Tangu mwaka 1937 njia hiyo ikahamishiwa pwani, zikatumiwa eropleni zenye tumbo kama la mashua, ambazo zilitua juu ya maji Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Wazee wa pwani waliziita ndege-Ulaya, na wengi walikwenda ufuoni kuzitazama tu. Vita vilipoanza mwaka 1939, eropleni za Bibi Wilson zilichukuliwa kwa kazi ya vita, na kampuni yake ikaisha.

Vita vilipokwisha, Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja zilishirikiana kuanzisha East African Airways. Ilianza kuruka Januari 1946 kwa eropleni 6 ndogo za kukodi, na mwaka ule wa kwanza ikachukua abiria zaidi ya 9,000. Rasilimali ilitolewa hivi: katika kila sehemu 100, Kenya ilitoa 67.7, Uganda 22.6, Tanganyika 9, na Unguja 0.7. Msomaji azikumbuke hesabu hizi, kwa maana tutazirudia.

Watu wengi hudhani ya kuwa shirika la ndege hukua kwa kununua ndege. Sivyo. Shirika hukua kwa njia, nazo njia hukua kwa kuungana. Tutoe mfano wa soko. Njia ya mguu itokayo kijiji kimoja hata kingine yavifaa vijiji viwili hivyo tu. Lakini ikiwa mwisho wake ni sokoni, mahali zinapokutana njia nyingine 5, mtu wa kijiji kile sasa aweza kufika mahali 6, hali imeongezwa njia moja tu. Ndege nazo ni vivyo hivyo. Ile itokayo Mwanza hata Dar es Salaam huchukua waendao Dar es Salaam. Kama ikifika saa mbili kabla ya ile iendayo Mumbai, itachukua na waendao Mumbai. Lakini kama ikifika saa moja baada yake, abiria huyo atalala njiani, na safari ya pili atapita Nairobi au Addis Ababa, wala hatarudi tena kwetu. Kwa hiyo saa iliyoandikwa katika ratiba ni mali, kama vile ndege yenyewe ilivyo mali.

Tena njia nene huilisha njia nyembamba. Ndege iendayo mji mdogo huenda nusu tupu, na mafuta yake ni yale yale. Hasara yake hulipwa na njia kubwa yenye abiria wengi wa nauli kubwa. East African Airways iliishi kwa kanuni hiyo. Mwaka 1957 ilifungua njia yake ya London. Mwaka 1960 ikapata eropleni za Comet, zilizokuwa za kwanza kwake zisizo na rafadha. Tangu mwaka 1966 ikaleta Super VC10, zikafika 5. Njia zake zilienea Ulaya, Bara Hindi na nchi jirani za Afrika, na huku nyumbani eropleni ndogo ziliendelea kutua katika miji ya pwani na ya bara, penye faida na pasipo na faida.

Basi shirika hilo lilivunjika kwa sababu gani? Hapa ndipo zinaporudi zile sehemu 67.7 na 9. Kiwanda cha matengenezo, afisi kuu na kazi nyingi zilikuwa Nairobi. Watanzania walinung'unika ya kuwa wao ni wenye mali kwa jina tu, na kazi ya ufundi haiwafikii vijana wao. Wakenya nao walinung'unika ya kuwa faida ya njia kubwa yamezwa na njia ndogo za wenzao. Kwa maoni yetu kila mmoja alikuwa na haki kiasi, na jambo hilo ndilo lililofanya ugomvi uwe mgumu kukatwa. Fedha zilizopasa kupelekwa makao makuu zikakawia, madeni yakazidi, na mwanzoni mwa mwaka 1977 eropleni zikasimama. Tarehe 4 Februari Kenya Airways ikaanza kuruka. Mwezi huo huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, ukafungwa mpaka mwaka 1983. Tarehe 11 Machi 1977 shirika la Air Tanzania likaundwa. Kugawana mali ya Jumuiya kulihitaji msuluhishi, Dr. Victor Umbricht wa Uswisi, na mapatano hayakutiwa sahihi mpaka Mei 1984, hapo Arusha.

Msomaji aangalie hali ya shirika letu lilipozaliwa. Lilirithi njia nyembamba za nchi iliyo pana, bila ile njia nene ya kuzilisha, na mafundi wengi na vifaa vingi vilibaki ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Hata hivyo lilijitahidi. Kabla ya mwaka 1980 lilikwisha pata Boeing 737 mbili, moja ikiitwa Kilimanjaro na nyingine Serengeti. Miaka iliyofuata ilikuwa ya shida ya fedha za kigeni, na ndege yenye kukosa kipuri ni sawa na lori lililokatika ekseli hapo Soni: mali ipo, safari hakuna. Mwaka 2002 South African Airways ilinunua sehemu 49 katika 100 za shirika kwa dola milioni 20, na ushirika huo ukaisha mwaka 2006. Ilipofika mwaka 2016 shirika lilikuwa na ndege moja tu yenye kuruka. Abiria aliyetaka kwenda mbali alipanda ndege za watu wengine.

Katika Septemba 2016 zikaja ndege mbili za Q400, kila moja ya watu 76. Julai 2018 ikaja Boeing 787 ya watu 262. Disemba mwaka huo Airbus A220 ya watu 132, ya kwanza ya namna yake kutumiwa na shirika la Afrika. Nyingine zikafuata, hata Boeing 767 ya mizigo mwezi wa Juni 2023, iwezayo kuchukua tani 54. Njia zikarudi pia: miji mingi ya ndani, nchi za jirani, Mumbai mwaka 2019, Guangzhou, na Dubai mwaka 2024.

Na hasara je? Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alisema ya kuwa hasara ya shirika iliongezeka toka shilingi bilioni 35.23 mwaka wa fedha 2021/22 hata bilioni 56.64 mwaka 2022/23. Sababu moja kubwa ni hii. Injini za A220 zilichakaa upesi kuliko ilivyotazamiwa, jambo lililowapata wenye ndege hizo katika nchi nyingi, na injini za badala hazikupatikana. Ndege zikakaa chini miezi mingi. Lakini ndege zile zilinunuliwa na Serikali, nalo shirika lilizikodi, na kodi haisimami ndege inaposimama; wala mshahara wa rubani, wala bima. Tena abiria waliokwisha lipa hupaswa kutafutiwa njia nyingine. Ndege hupata fedha ikiwa angani tu, basi. Halafu Disemba 2024 Umoja wa Ulaya ulilizuia shirika letu kuruka katika nchi zake kwa ajili ya mambo ya usalama, na njia nene ya kaskazini, ambayo zamani ililisha njia nyingine, ikazidi kuwa mbali.

Sasa turudi Kwai. Wajerumani walifanya shamba la majaribio hapa mwaka 1896, na tangu siku zile milima hii yajulikana kwa mboga na matunda ya nchi za baridi. Tusidanganyane: kabichi yetu haitapanda ndege. Ni nzito na bei yake ni ndogo, haistahimili nauli. Itaendelea kushuka kwa lori hata Mombo na kwenda Dar es Salaam, na kwa mkulima wa kabichi maili 20 hivi za barabara toka Lushoto hata Mombo zina thamani kuliko eropleni kumi. Kitu cha kupanda ndege ni kile kilicho chepesi, cha bei kubwa na chenye kuoza upesi: maua, njegere changa, maharagwe machanga. Kwa miaka mingi vitu hivyo kutoka Arusha na Moshi vimepelekwa kwa gari hata Nairobi vikaruke kutoka huko, na fedha ya usafirishaji hubaki huko.

Ndege ya mizigo ilinunuliwa ili kuligeuza jambo hilo. Lakini mwenye lori ajua shida yake: likienda limejaa mboga na kurudi tupu, faida imepotea barabarani. Tani 54 za kwenda zataka tani za kurudi, zataka vyumba vya baridi uwanjani, na wakulima wenye kuleta mzigo juma kwa juma bila kukosa. Mambo hayo hayanunuliwi kiwandani pamoja na ndege.

Taarifa ya Mkaguzi Mkuu hutolewa kila mwaka karibu na mwezi wa Aprili, na ipo kwa Kiswahili. Mwalimu mwenye kuipata aitafute sehemu ya mashirika ya umma, asome habari za shirika la ndege, kisha awasomee wazee, akianzia na hesabu ya siku ambazo ndege zilikaa chini.