Kitwitwi aliyetoka Siberia: Anafanya nini kwenye tope letu?

Maji yakipwa pale Mida Creek, Watamu, tope hujaa ndege wadogo wa kijivu wanaokimbia huku wakidonoa. Wengi huwaita tu vitwitwi. Mmoja wao, mwenye mdomo mweusi mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini, ni mgeni. Amezaliwa kaskazini kabisa mwa Siberia, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka hapa.

Anakuja lini?

Wakubwa huanza kufika Agosti. Makinda ya mwaka huo hufuata baadaye, bila mzazi wa kuwaonyesha njia. Kule Siberia hukaa miezi miwili hivi tu, wakati wa kuzaliana. Miezi mingi ya mwaka wako kusini.

Anafanya nini hapa?

Hapumziki. Kwanza, wakubwa hubadilisha manyoya ya mbawa, machache machache ili wasishindwe kuruka. Pili, ni kula. Ncha ya mdomo wake ina hisia kali, hivyo humpata mnyoo ndani ya tope bila kumwona. Ndiyo maana ratiba yake ni maji, si jua: yakipwa usiku, anakula usiku.

Safari ikikaribia ndo anakula kwelikweli. Kawaida ana gramu 60 hivi, lakini kabla ya kuondoka anaweza kupita 80. Sehemu kubwa ya uzito huo ni mafuta, yaani petroli ya safari. Kifua nacho hugeuka rangi ya tofali. Ukimwona mwekundu Aprili, jua anakaribia kuondoka. Wa mwaka wa kwanza wengi hubaki hadi msimu ujao.

Tatizo liko wapi?

Maji yakijaa, tope linafunikwa. Ndege hukusanyika kwenye mchanga mkavu au pembeni mwa mikoko kusubiri. Mbwa akiwakimbiza au boti ikiwakaribia, kundi zima huruka. Kila kuruka huchoma mafuta, na hawawezi kuyarudisha hadi maji yapwe tena.

Na wanapungua. Mwaka 2024, IUCN iliiweka aina hii kwenye orodha ya ndege walio katika hatari ya kutoweka.

Ufanye nini?

Ukiona kundi limetulia ufukweni wakati maji yamejaa, zunguka mbali na umfunge mbwa kamba. Machi na Aprili uwe makini zaidi, maana ndipo wanapojaza mafuta ya kurudi Siberia.